Neno Ambalo Mama Yoakimu Hakulisema

Agripina alikuwa nesi wa zahanati moja kata ya Gendabi, mzaliwa wa Bukoba, na kilichomchosha zaidi tangu apangiwe kazi Hanang hakikuwa vumbi wala upepo. Kilikuwa ukaidi wa Mama Yoakimu.

Mama huyu alikuwa Mdatooga, mke wa mfugaji. Mtoto mchanga wa shemeji yake alikufa kwa nimonia akiwa mikononi mwake. Msibani, mbele ya watu, shemeji akamwita kwa neno moja la Kidatooga, maana yake mkosi. Tangu siku hiyo hakugusa tena mtoto wa mtu. Hata ndama waliozaliwa usiku aliwapita mbali.

Agripina alikuwa ametoka semina ya afya ya akili Babati. Huko walifundishwa kwamba binadamu huunganisha maneno na vitu, hata vile ambavyo havijawahi kumgusa. Ukitaja ndimu tu, mate yanajaa mdomoni, na ndimu yenyewe haipo. Dawa mojawapo ni kulirudia neno linalouma, haraka haraka, mpaka libaki sauti tupu.

"Shikamoo mama. Leo tulitaje lile neno."

"Marahaba. Siwezi."

Ilikuwa hivyo kila mama huyu akija zahanati kutafuta nafuu. Siwezi. Agripina akampigia simu msimamizi wake, Wilbard, aliyekuwa Katesh.

"Fuata mwongozo wa semina," Wilbard akasema. "Mgonjwa anakwepa. Msukume kidogo."

Akamsukuma. "Mama, unataka kupona au hutaki?"

Mama Yoakimu alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nesi, neno lile limefanana na jina la baba mkwe wangu. Mwanamke aliyeolewa kwetu halitamki. Hata maneno yanayokaribiana nalo tunayazunguka, tunaweka mengine. Shemeji ni mwanamume, yeye hakatazwi."

Agripina akaona aibu, kisha hasira. Mbona semina hawakusema? "Basi sema kwa Kiswahili. Mkosi."

"Mkosi mkosi mkosi mkosi," Mama Yoakimu akasema bila shida, kama anayeita kuku. Akacheka. "Hilo ni la shuleni. Halinijui."

"Na lile mnaloweka badala yake?"

Kicheko kikakatika. "Hilo nilikuwa nalisema tangu nilipoolewa, halikuwa na kitu. Baada ya msiba nalo likaanza kuuma. Hakuna aliyeniita kwa hilo, nesi. Uchungu ulihamia wenyewe."

Kile Agripina alichosikia Babati akisinzia, mama huyu alikuwa amekieleza vizuri kuliko mkufunzi, na bado hakikumsaidia yeyote kati yao. Alitamani kuutupa mwongozo shimo la choo.

"Mama, tuliache," akasema mwishowe, kwa sauti ya kuchoka. "Tusilifukuze. Ila niambie, kama lisingekuwepo, leo ungefanya nini?"

Mama Yoakimu hakufikiri sana. "Ningemshika mtoto wa Safina."

Safina alikuwa jirani yake, mke wa mwenye duka, aliyejifungua karibuni. Wakaenda pamoja. Mlangoni Mama Yoakimu alisimama muda mrefu mpaka Safina akauliza kama kuna habari mbaya.

"Neno linasema," akamnong'oneza Agripina.

"Liseme. Wewe pokea mtoto."

Akampokea. Mtoto akakohoa kidogo, kikohozi cha maziwa tu. Mama Yoakimu akamrudisha kwa mama yake kwa pupa, nusura amwangushe, akatoka bila kuaga.

"Amepatwa na nini huyu?" Safina akauliza kwa ukali. Agripina akaomba radhi kwa niaba yake, akatoka.

Wiki iliyofuata alimsubiri zahanati, hakutokea. Wilbard akapiga simu kuuliza kama mgonjwa amepona. "Sijui," Agripina akasema, akakata.

Siku nyingine ya kliniki, foleni ikiwa ndefu, Mama Yoakimu akaingia kwa hasira, hakungoja hata kuamkiwa.

"Nesi, dawa yako mbovu. Neno liko palepale. Limeniamsha leo alfajiri."

"Pole, mama. Shikamoo." Agripina alihisi machozi ya uchovu yakimlengalenga. "Hukwenda tena kwa Safina?"

"Nilikwenda jana. Alikuwa anafua, akanipa mtoto."

"Ukamshika?"

"Ningemweka wapi? Chini?" Akalivuta shuka lake, akaonyesha doa begani. "Kanitapikia. Na neno linasema, linasema tu, na mimi nimembeba."

Agripina hakujua acheke au amgombeze. Akamvutia kiti.

"Leo utarudi kwake?"

"Nitarudi," Mama Yoakimu akasema, bado amekunja uso. "Lakini wewe tafuta dawa nyingine."