Mwizi wa Zabibu

Mimi ni mtu wa kubisha, na sijivunii. Mwaka jana, tarehe ishirini na nne Aprili, nilibishana na bibi kizee wa miaka tisini na moja juu ya mtoto aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, nikashinda. Ushindi huo umenikwama kooni mpaka leo.

Bibi huyo aliitwa Siranush. Alikuwa Muarmenia, mzaliwa wa Beirut. Mumewe, karani wa meli, ndiye aliyemleta Durban, kisha akafa akamwacha peke yake katika fleti ya Glenwood, juu ya vijana wa chuo wanaopiga muziki hadi sahani zinatetemeka. Nilimtunza miaka sita. Kati ya wote walioomba kazi alinichagua mimi, Médiatrice, Mrundi, kwa sababu najua Kifaransa kama yeye. Alikuwa na kiu ya kuongea. Kiarmenia chake hakikuwa na wa kukijibu mji mzima.

Kila tarehe ishirini na nne Aprili alipika. Ndiyo siku Waarmenia wanapowakumbuka watu wao waliouawa na serikali ya Osmani huko Uturuki kuanzia mwaka 1915: wanaume walichinjwa, wanawake na watoto wakaswagwa kwa miguu hadi jangwa la Siria, wafie njiani. Mama yake Siranush alikuwa na miaka tisa katika msafara huo. Mdogo wake, Hovsep, alikuwa na minne. Mama yao alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na nguvu za kubeba wawili hakuwa nazo. Hovsep alikalishwa kando ya barabara, akaambiwa wanarudi.

“Alikuwa mwizi wa zabibu,” Siranush aliniambia, akichambua dengu. “Anajaza mifuko, halafu anakana huku midomo inanata.”

Kwao, mfiwa huambiwa: Mungu aiangazie roho yake. Huwezi kujiambia mwenyewe. Lazima mtu aje, ale mezani kwako, akuambie. Kwa Hovsep hakuna aliyewahi kuyasema maneno hayo. Mwaka jana Siranush alinipakulia, akaniomba niyaseme mimi.

Nikakataa. Alikuwa amenisomea gazeti la kanisa lao: tangu 2015 wale waliouawa wametangazwa watakatifu. Mimi ni Mkatoliki, mafundisho nayajua.

“Mtakatifu haombewi, Madamu. Yeye ndiye anayetuombea sisi.”

“Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtoto, na aliogopa. Nataka aliliwe kama mtoto.”

“Kanisa lenu lenyewe limesema.”

Alisukuma sahani yake, akauliza: “Na baba yako mzee Nimbona, matanga yake yalifanyika?”

Alijua hayakufanyika. Baba alikuwa mwalimu. Mwaka 1972, serikali ya Burundi ilipokuwa ikiwaua Wahutu, aliitwa kikaoni ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, pamoja na wasomi wengine wa Kihutu, hakurudi. Mama, akiwa na mimba yangu, alikatazwa hata kulia. Amekufa hajaondoa matanga.

Siranush akaniwekea mkono begani. “Mungu aiangazie roho yake,” akasema.

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, na sikuwa nimewahi kupewa pole ya baba yangu. Nililia nikiwa nimeshika kijiko. Na hata hapo, kwa ukaidi wangu, sikumrudishia. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa wiki, nikaona haya kuanza. Asubuhi moja ya Juni nilifungua mlango nikamkuta kitandani, amekwisha kuwa baridi.

Makaburini tulikuwa mimi, padri wa kuazima, wachimba kaburi wawili, na Talin, binti wa kaka yake Siranush, aliyekuwa Montreal, ndani ya simu yangu. Padri alipomaliza nilimwambia Talin yale maneno. Akalia.

“Nani amekufundisha?”

“Yeye. Na Hovsep pia, Mungu aiangazie roho yake.”

Talin akafuta macho. “Hovsep ni nani?”

Nilidhani mtandao unakatika, nikarudia. “Mdogo wake bibi yako, mama yake Madamu. Aliyeachwa barabarani.”

“Bibi alituambia hakuwa na ndugu.”

Basi. Katika dunia nzima Hovsep amebaki na mimi tu, niliyemnyima sentensi moja. Nikirudi chumbani jioni huwa nimechoka, nakaa kitandani na viatu, namwona ameketi pale kando ya barabara, anatazama walikoelekea. Sina wa kumsimulia.

Kesho ni tarehe ishirini na nne Aprili tena; leo nimekwenda soko la Warwick kununua dengu na zabibu. Coletha, Mtanzania anayeniuzia kila mara, akanitania: “Eish, dada Médi, kesho iko sherehe?”

“Nina msiba.”

Akaweka kopo la kupimia chini. “Pole, dada. Nani?”

“Mtoto. Miaka minne.”

“Mtoto wa nani?”

“Wangu,” nikasema. “Njoo kesho ule kwangu. Kuna maneno nataka uniambie, mwenyewe siwezi.”