Mistari ya Maua ya Saa Kumi

Miaka tisa Hadijah wa Koboko hakukanyaga nyumba ya dada yake Jamilah kule Arua, na kisa chenyewe kilikuwa maua ya saa kumi, yale yanayolala mchana kutwa yakafunguka jua likipoa.

Jamilah alimpa mbegu za maua mekundu aoteshe ukutani kwa ajili ya arusi ya binti wa mwisho wa Hadijah. Siku ikafika, wageni wamejaa, maua yakafunguka: mengine mekundu, mengine ya njano yaliyorushiwa mistari na madoa mekundu. Wanawake wa upande wa bwana arusi wakacheka.

"Kumbe hapa hata maua yanavaa viraka!"

Hadijah akaona dada mtu kamchanganyia mbegu kwa wivu. Jamilah alikuwa ameleta chakula kwenye sinia lililofunikwa kwa tabaga, ile kawa ya kusukwa kwa rangi. Hadijah akavirudisha vitupu. Kwa Wanubi kama wao chombo hakirudi kitupu, angalau utatia chumvi. Jamilah alipofunua akakuta hewa, akaelewa ameambiwa nini. Tangu hapo Hadijah akakataza jina la dada yake lisitajwe nyumbani mwake.

Mwaka huu mjukuu wake Sumayah, mwalimu wa sayansi, akamkuta anang'oa mashina yenye maua ya mistari, kama kawaida yake.

"Haboba, unang'oa nini?"

"Mbegu ya fitina ya yule bibi yako wa Arua."

"Hakuna mutu alichanganya. Hii iko ndani ya mbegu yenyewe." Sumayah akachuchumaa, akachuma ua moja. "Kila mbegu iko na maagizo, tunaita jeni. Jeni moja inaleta nyekundu. Sasa kuna kipande kidogo, kazi yake kuhamahama. Kikiingia katikati ya hiyo jeni, inanyamaza, ua linakuwa njano. Petali likiwa bado linakua, kipande kikitoka, jeni inaamka. Pale ilipoamka ndipo unaona mstari."

"Na shina mama, lililotoa mbegu, lilikuwa jekundu tupu?"

"Linaweza kuwa jekundu na limebeba ile jeni iliyonyamaza. Kwa macho huwezi kujua."

"Jamilah angejua?"

"Angejuaje, Haboba?"

Hadijah akakaa chini palepale kwenye udongo.

Siku kumi na mbili alisuka tabaga mpya, njano na nyekundu. Akapanda shina moja la mistari katika jerikeni iliyokatwa, akapika gurusa, ule mkate wa Kinubi, akajaza sinia, akaenda Arua. Alifika kabla ya saa kumi. Jamilah alikuwa mkekani barazani.

"Nani huyo?"

"Hadijah."

"Hadijah yupi? Yule wa sinia tupu?"

"Huyohuyo. Leo limejaa."

Jamilah akacheka kidogo, akanyoosha mkono, mkono ukaenda pembeni ukapapasa hewa. Ndipo Hadijah akayaona macho ya dada yake: meupe, kama maziwa.

"Toka lini, dada?"

"Mwaka wa tatu huu. Hawakukuambia?"

Wangemwambiaje, na yeye ndiye aliyewafunga midomo?

Wakakaa. Jua likapoa, maua yakafunguka, harufu ikaenea barazani. Hadijah akashika kidole cha dada yake, akakiweka juu ya petali.

"Mistari ndiyo hii. Hapa, na hapa tena."

Kidole kikapita polepole, kikarudi, kikapita tena.

"Pote laini sawasawa," Jamilah akasema. "Ungekuja wakati ule naona."

Hadijah akafunua sinia, akamkatia kipande cha gurusa, akamtilia mkononi.