Plagi Mguuni

Kingori, mwenye duka la spea mjini Karatina, angeweza kushika plagi huku amefumba macho akakwambia imetoka kwa pikipiki au kwa jenereta, na kama mwenyewe anaitunza. Binadamu ndio waliomshinda. Sura ya mtu ilimwingia na kumtoka papo hapo, kwa hiyo aliwajua watu kwa nguo, kwa kofia na kwa magari yao mabovu. Ukibadilisha koti, umekuwa mgeni. Wakati mmoja alimbebea mwanamke wa sweta ya njano kabichi zake kutoka sokoni hadi stendi, akimwita mpenzi njia nzima, mpaka mpenzi mwenyewe akapiga simu kuuliza yuko wapi. Yule mwanamke hakuwa amesema lolote, maana kabichi zilikuwa nzito.

Huyo mpenzi alikuwa Watiri, mwalimu wa chekechea kule Othaya, na alipenda sana kubadilisha nywele. Wiki hii amesuka, wiki ijayo amenyoa, na kila mara Kingori alingoja aongee kwanza ndipo ajue ni yeye. Mwanzoni Watiri alicheka mpaka machozi. Baadaye akaanza kupunguza. Kwao walizaliwa wasichana watano waliofanana kama vikombe vya seti moja, na baba yao alipotaka kumwita Watiri alipitia majina ya dada zake wote kwanza. Siku nyingine alichoka kabla hajalifikia lake.

Sasa ikafika siku ya kupanga ruracio, sherehe ya kupeleka mahari. Nyeri nzima inajua mambo yanavyokwenda: wazee wakishamaliza kusemezana, bibi arusi hufunikwa leso gubigubi pamoja na dada zake na binamu zake, wakapangwa mstari, hakuna kuongea wala kukohoa, kisha bwana arusi aje amtoe wake. Akikosa anatozwa mbuzi, watu wanacheka, anajaribu tena. Kwa mwanamume wa kawaida huo ni mchezo wa kuamshia wageni walioshiba. Kwa Kingori ulikuwa ni kupelekwa kortini bila wakili.

"Mbuzi si shida," Watiri alimwambia wakinywa chai dukani. "Lakini mimi nimeitwa majina ya watu wengine maisha yangu yote, Kingori. Siku hiyo ukinipita ushike mwingine, mimi naingia kwa nyumba na sitoki. Wazee wako watarudi na mbuzi zao."

Hakuwa anatania. Kingori alikosa usingizi, akakosa hamu ya kula, akauza redieta ya lori kwa mtu mwenye bodaboda. Ndipo akapata wazo, na afadhali angepata mafua.

"Miguu!" alimwambia Watiri. "Leso haifiki chini. Miguu itaonekana."

"Miguu ya kwetu yote ni moja," Watiri akasema, na ni kweli. Ilikuwa miguu ya ukoo, mipana, na vidole vimeachana kama vimekosana.

"Ndio maana tunaweka alama. Tatuu ndogo hapa kwa kifundo. Wewe pekee."

"Kwani mimi ni ng'ombe?"

Kingori hakusikia. Alikwisha toa kalamu na kuanza kuchora kwenye boksi la mafuta. Alichora plagi. Ndicho kitu pekee duniani alichokuwa na hakika hatakikosea. Watiri aliitazama ile plagi kwa muda, akamtazama mchoraji aliyekuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, akasema sawa. Alimpenda, huyo mtu wa kabichi.

Wakaenda Nyeri mjini kwa Keval, mchora tatuu. Babu yake, mzee Vallabhdas, alikuwa na duka la nguo, na chini hapo Ranjan, mamake Keval, aliuza leso kwa arusi za wilaya nzima. Keval alichora tatuu juu, kwenye ghala, katikati ya majora ya vitambaa. Alikuwa fundi hodari mwenye kasoro moja: hakutaka kumchora mtu. Wateja wengi walipanda ile ngazi wakiwa na hamu na kushuka wakiwa wamenunua leso.

"Mmekula?" Keval aliuliza. Walikuwa wamekula. "Ngozi yako ikikatwa inapona sawa, ama inafura kovu? Ukiwa na ugonjwa wa sukari, uniambie sasa, si baadaye. Sindano ni hii, mpya, angalia nikiifungua. Ikishachorwa unaosha na maji safi, hapana kukuna, hapana kuanika kwa jua. Inawasha kama upupu. Na kazini? Mwalimu mkuu akiona plagi atasema nini?"

"Ni mtu wa magari, atafurahi," Kingori akadakia.

"Wewe kaka nyamaza. Ngozi si yako." Keval akamgeukia Watiri. "Ukiwa na miaka themanini, itakuwa imeshuka na kuvimba. Itafanana na karoti. Utaweza kuishi na karoti?"

"Nitaweza," Watiri akasema polepole.

"Na sasa ile ya mwisho. Hii tatuu ni ya nani?"

Watiri alifungua mdomo. Lakini Kingori alikuwa karibu zaidi na jibu. "Ni ya mapenzi!" akasema kwa sauti, mpaka majora yakatikisika.

Keval akakataa kuchora siku hiyo. Alikamata kalamu ya wino, akamwekea Watiri plagi ya majaribio kwenye kifundo cha kushoto, akamwambia akae nayo wiki moja, aamke nayo, aende nayo kanisani. Akiona bado anaitaka, arudi peke yake.

Wiki ikaisha. Kingori akapiga simu.

"Ulienda kwa Keval?"

"Nilienda."

"Ilikuuma?"

"Iliniuma, ndiyo."

"Pole, mpenzi," akasema Kingori, na usiku huo akalala kama mtoto aliyeshiba uji.

Siku ya ruracio Othaya iliamka na mvua ya manyunyu, lakini mahema yalikuwa yamefungwa, nyama ilikuwa inaiva, na mzee Ngatia, ami yake Kingori na msemaji wa upande wao, alizungumza mpaka mvua yenyewe ikachoka. Kingori alikaa nyuma yake amekunja nne. Mara ya kwanza tangu achumbie, hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikula nyama. Alimsalimia baba mkwe, na akamsalimia tena baadaye, maana mzee alikuwa amevua kofia.

Kisha tata Monicah, dada yake mama mkwe, akapiga kigelegele na kuingia akiongoza mstari wa wanawake saba waliofunikwa leso. Ungedhani ni mizigo inayotembea. Tata Monicah ndiye aliyesimamia ufunikaji katika ukoo ule, na alijivunia kwamba hakuna bwana arusi aliyewahi kupita kwake bila kutoa mbuzi. Aliwavua wote viatu. Aliwapanga sawasawa kwa urefu, wafupi akawasimamisha juu ya matofali.

Kingori akainuka, akapiga magoti mbele ya wa kwanza, akaangalia kifundo cha kushoto. Plagi.

Akaruka juu kwa furaha, na alikuwa karibu kuvuta leso alipoona, kwa pembe ya jicho, plagi kwa wa pili. Akatambaa. Wa tatu, plagi. Wa nne, plagi. Hazikuwa za kalamu. Alilowesha kidole kwa mate akasugua, na ile aliyoisugua ikamrushia teke. Zilikuwa tatuu halisi, kazi safi, hata nyuzi za pale plagi inapofungiwa zilionekana.

Tata Monicah akacheka mpaka akashikilia nguzo ya hema. Ile plagi ya majaribio alikuwa ameiona kanisani, Watiri alipovua kiatu kutoa kokoto, na papo hapo akaelewa kila kitu. Jumatatu akawapakia dada na binamu hadi Nyeri. Keval aliwahoji mmoja mmoja, akawatisha kwa karoti, akawauliza tatuu ni ya nani, na kila mmoja akamjibu kwamba ni ya kumkomesha Kingori. Hajawahi kupata wateja wenye nia thabiti kama hao. Ilibidi awachore.

Kingori alifika mwisho wa mstari akihema. Na hapo, miguu ya yule wa mwisho ilikuwa mitupu. Hakuna plagi, hakuna chochote, ni ngozi tu iliyopakwa mafuta ikang'aa. Kingori akashukuru Mungu. Angalau huyu mmoja alikuwa amemjua hakika. Ni binamu mwoga wa sindano.

"Wewe dada, pole kwa kusimama," akamwambia kwa upole. "Unaweza kwenda kukaa."

Yule wa mwisho hakwenda kukaa.

Kingori akarudi kwa wale sita. Alizichunguza plagi zao kama anayetaka kuzinunua. Moja tu ndiyo iliyomridhisha, imesimama wima, mistari imenyooka, yenyewe kabisa kama ile aliyoichora kwenye boksi. Moyo ukamwambia ndiyo hii. Akafumba macho, akavuta leso, akakumbatia.

"Nimekubali," ikasema sauti. "Mbuzi ziletwe."

Alikuwa shosho, nyanya wa kina Watiri, mwenye miaka yake themanini na zaidi. Keval alikuwa amejaribu kumkatalia, lakini kwa kila swali shosho alikuwa na jibu, na la karoti lilimchekesha mpaka akaombwa atulie ili sindano isiteleze. Hema zima likalipuka. Watu waligaragara kwenye nyasi zenye maji. Mzee Ngatia alijifunika uso kwa kofia.

Kisha yule wa mwisho akashuka kwenye tofali lake, akavua leso mwenyewe. Safari hii alikuwa amenyoa kabisa. Kingori hakumjua mpaka alipoongea.

"Mimi nimeingia kwa nyumba," Watiri akasema, na akaanza kutembea.

"Lakini uliniambia ulienda kwa Keval!"

"Nilienda. Nikakaa kwa ile kiti, akawasha ile mashine. Nikajiuliza, huyu mtu akiipata plagi, mimi nitakuwa nimepatikana na nani? Nikavaa kiatu yangu nikatoka."

"Si ungeniambia!"

"Nilitaka uje kunitafuta. Umeniambia niende kukaa."

Vicheko vikakatika. Kingori alisimama katikati ya hema, leso ya shosho mkononi, akaona mlango wa nyumba na jinsi ulivyokuwa karibu. Aibu yote ikamtoka, ikabaki hofu peke yake.

"Watiri, siwezi," akasema mbele ya watu wote. "Si kwamba sikupendi. Ukiwa mbele yangu nakuangalia mpaka naumwa macho, nakushika kichwani kwa nguvu, na ukigeuka tu umeniponyoka. Naogopa hiyo kitu kila siku. Naogopa utapita karibu na duka umesuka vingine na mimi nitakuuliza unataka spea gani. Nilitaka alama kwa sababu naogopa kukupoteza, na sasa nimekupoteza juu ya hiyo alama."

Watiri alikuwa na mkono kwenye kitasa. Mvua ilianza tena, na hakuna aliyekumbuka kusogea. Akaachia kitasa, akarudi, akampokonya Kingori ile leso.

"Tata, wapange tena," akasema. "Na wote wavae soksi."

Soksi zilitoka kwa wazee wa Karatina, waliovua moja moja wakinung'unika, na shosho akapewa za mzee Ngatia kwa sababu zilikuwa na joto. Tata Monicah akawachanganya nyuma ya nyumba. Waliporudi walikuwa mizigo saba isiyo na tofauti, na Kingori akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Na nikikosa?" akauliza hewani, bila kujua anamuuliza nani.

Kuongea kulikuwa kumekatazwa. Hata hivyo leso mojawapo ikajibu, na tata Monicah akashika kichwa kwa kuharibiwa mchezo.

"Utakosa," Watiri akasema kutoka ndani. "Lakini sasa utakosa ukinitafuta mimi."