Chipu ya Mwisho na Mkono wa Mjomba Dwomoh

Chipu ya tatu iliungua saa tatu asubuhi, na Mwenyekiti Boahen wa madereva wa malori alikuwa anakuja saa sita kukagua kifaa.

Frimpomaa alikitikisa kifaa chake. Kilikuwa kiboksi kidogo kama kipande cha sabuni, kinatumia betri ya simu, na kazi yake ni kumwonyesha dereva umeme wa lori lake ni volti ngapi. Chipu iliyomo ndani hupokea umeme na kuugeuza kuwa namba. Sasa namba ilikuwa imeganda.

"Mjomba, umechomoa tena?"

Mjomba Dwomoh, fundi umeme wa magari miaka thelathini hapo Suame, mtaa wa magereji, alikuwa bado ameshika waya wa betri mkononi, injini ikinguruma.

"Nisipochomoa nitajuaje alternata inachaji? Injini ikizima, alternata mbovu. Isipozima, nzima. Wewe mtu wa kutengeneza redio utanifundisha magari?"

"Ukichomoa, alternata inakosa pa kumwaga umeme, unaruka hadi volti themanini! Mimi naupunguza mara sita, na bado chipu inapata kumi na tatu. Yenyewe mwisho wake tano."

"Basi chipu yako legelege."

Mafundi waliokuwa wanakula waakye, wali wa maharage, walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Frimpomaa naye akacheka, huku akifungua kiboksi. Suame nzima hupima hivyo. Kifaa kinachokufa betri ikichomolewa hakuna atakayekinunua, na yeye alitaka oda ya vifaa vya malori arobaini. Chipu zilibaki mbili.

Aling'oa zena ya volti ishirini kwenye televisheni mbovu. Zena ni kidude cha kukaa kimya mpaka umeme uzidi kipimo chake. Hapo hufungua njia na kuumwaga uliozidi kwenye bodi ya gari. Akaifunga moja kwa moja kwenye waya unaotoka kwenye lori.

"Haya, chomoa."

Zena ilipasuka paa! kama karanga kikaangoni. Namba ikaganda.

"Nne!" walipiga kelele mafundi wote, na mmoja akaanza kupiga ngoma kwenye ndoo.

"Umemsimamisha mlinzi mmoja mbele ya uwanja mzima wa mpira," alisema Mjomba Dwomoh. "Lazima akanyagwe. Wapitishe kwanza kwenye kilango chembamba."

Frimpomaa alimkodolea macho. Kisha akaruka, akamkumbatia mzee na grisi zake zote.

"Mjomba, rudia!"

"Nirudie nini? Niache, shati la kanisani hili!"

"La kanisani, na upo gereji?"

Alitanguliza rezista kubwa, umeme ubanwe upite kidogo kidogo. Nyuma yake, karibu kabisa na mguu wa chipu ya mwisho, akaweka zena ndogo ya volti nne. Mlinzi sasa angepambana na mmoja mmoja. Alikuwa bado anacheka, risasi ya kulehemu ikadondokea kiatuni.

Mwenyekiti Boahen alifika na lori lake mwenyewe, redio juu kabisa, taa zinawaka mchana kweupe.

"Naambiwa mashine yako inakufa kama nzi."

Frimpomaa alikifunga kiboksi kwenye lori hilo, injini ikinguruma. "Mjomba Dwomoh," akasema, "chomoa."

Mzee alichomoa. Namba ilipanda mpaka juu, ikasimama pale, halafu ikashuka taratibu ikarudi kumi na nne. Watu wakalipuka. Ndoo ikapigwa. Mjomba Dwomoh alirudishia waya, akachomoa tena, mara hii akikata kiuno.

"Tena!" alipiga kelele mwenyekiti, kofia mkononi.

Alichomoa mara saba. Kwenye ya tano redio ilinyamaza. Kwenye ya sita taa zilimulika kama jua, zikazima. Kwenye ya saba moshi ulitoka kwenye alternata na injini ikazimika. Kiboksi tu ndicho kilichokuwa hai, kinaonyesha volti sifuri, na kweli zilikuwa sifuri.

Mwenyekiti aliliangalia lori lake. Akakiangalia kiboksi. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye mafuta machafu.

"Hicho ndicho kitu pekee kizima hapa! Nipe arobaini."

Siku hiyo zilikufa chipu nne, zena moja, taa mbili za mbele, redio moja, alternata moja, suruali nyeupe ya mwenyekiti na shati la kanisani la Mjomba Dwomoh.