Umati Usiogawanyika

Usingizi unanichukua katikati ya hesabu, bega langu likigusa bega la mume wangu, Mghanga, na mara tumesimama wawili barabarani, katika mji ambao kuta zake ni vioo. Barabara inagawanyika njia mbili, kila njia inagawanyika mbili tena, na tena, mara kumi na tisa, na mwisho wa kila njia kuna nyumba inayotoa mtu mmoja. Sisi nasi tumetoka humo, kila mmoja nyumba yake, ingawa mlango wangu siukumbuki. Nyumba moja tu ni tupu. Umati wote unaelekea langoni, na langoni amesimama kiongozi asiye na uso, penye uso pana ngozi laini kama ganda la yai. Desturi ya hapa, anasema, umati unaofika hugawanywa makundi sawa, kila kundi hupewa njia yake, na njia hazikutani tena. Namshika Mghanga mkono. Na umati usiogawanyika? nauliza. Kitendawili, anajibu. Tega, nasema. Kundi langu kubwa, kisu hakiliingii. Namba tasa, nasema, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Umepata, nayo hupita nzima. Haya, mwalimu, hesabu watu wako.

Sihesabu kichwa kimoja kimoja. Mbili ikizidishwa yenyewe mara kumi na tisa ni 524,288. Natoa nyumba tupu, kisha najitoa mimi, maana mpimaji hajipimi. 524,286, nasema. Kiongozi anacheka bila mdomo. Hiyo inakatika kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, hata kwa sabini na tatu, chagua. Ni kweli, nimekagua, na mkono wake tayari umepita kati ya mabega yetu. Mghanga ananitazama kwa utulivu. Mke wangu, umejisahau tena. Unapakua wali wa wageni wote, halafu unakaa huna sahani. Wewe si mtu?

Nimekosea, namwambia kiongozi. Ongeza mmoja, 524,287, kisha jaribu. Anaanza kupanga safu, nami sina wasiwasi, kwa sababu namba ya umbo hili, mbili iliyozidishwa yenyewe kisha ikapunguzwa moja, haikubali kigawanyo chochote tu: ukiyafuata masharti ya vigawanyo vyake mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho hakipiti 725, zinabaki namba tatu tu za kujaribu. Anapanga kwa 191, wanabaki watu 183 bila safu. Kwa 457, wanabaki 108. Kwa 647, wanabaki 217, na mmoja wao anamuuliza kama kuna viti. Kiongozi anashusha mikono. Sasa niwafanyeje? Tupishe tu, ndugu yangu, anasema Mghanga, jua linatuchoma. Lango linafunguka lote. Tunapita pamoja, bega kwa bega, na katika vioo tunapita tena na tena, hakuna aliyepungua.

Nafumbua macho. Kumekucha, chumba ni kilekile, na nimeridhika kama anayemaliza uthibitisho. Mghanga, macho yake bado yamefumbwa, ananiuliza, Wamepita wote? Wote, najibu. Vizuri, anasema, anavuta shuka. Nje ya dirisha nyayo zinapita, nyingi mno kwa mtaa wetu, na hakuna hata wayo mmoja unaokata kona.