Siku Kumi na Tisa Bila Pole

Signy alikuwa ameufeli mtihani wa uwakala wa bima mara mbili, na mji mzima wa Gimli ulikuwa na habari. Mji wenyewe ni mdogo: ukipiga chafya huku ziwani, kuna mtu kule relini atakuuliza kama umeshakunywa dawa. Kwa hiyo alipoamua kuujaribu mara ya tatu, hakutaka mchezo. Alibandika vikaratasi vya manjano nyumba nzima. Kwenye jokofu: DHIMA, yaani jukumu la kumlipa uliyemdhuru. Kwenye kioo cha bafuni: UZEMBE, yaani kutofanya lile ambalo mtu mwenye akili timamu angelifanya. Babu yake, mzee Ketill, akawa hawezi kunyoa ndevu bila kuitwa mzembe na kioo chake mwenyewe.

"Mheshimiwa wakili," aliita siku moja kutoka msalani. "Hiki cha huku kimeandikwa nini? Sina miwani."

"Nia njema kabisa, Babu. Anayekata bima asifiche kitu."

"Sasa huku mtu afiche nini?"

Walikuwa wanaishi wawili tu. Bibi alikwisha kufariki, na Signy alikuwa amerudi kutoka Winnipeg na begi moja na karatasi mbili za kufeli. Ukiwaongeza na jirani wa kushoto, mzee Orest, walikuwa watatu, maana Orest alikuwa anakuja kila siku saa tisa alasiri kucheza karata, akishindwa anadai zimechakaa, akishinda anazisifu.

Ketill alikuwa mpeleka barua aliyestaafu. Orest alikuwa ameendesha katapila la kusukuma theluji la mji kwa miaka ishirini na minane. Baina yao kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: atakayeamka kwanza anaondoa theluji kwa wote wawili, njia na ngazi, kwake na kwa mwenzake. Akimaliza anamgongea mwenziwe mlango, si kwa shida yoyote, ila kumtambia tu.

Jumamosi moja ya Januari, theluji ilikuwa imeshuka usiku kucha, na Orest ndiye aliyewahi. Aligonga. Ketill akafungua, kandambili mguu mmoja.

"Bado umelala, mzee? Nilidhani umekufa nikaanza kugawa vitu vyako."

"Chukua hilo beleshi uende zako."

Orest akacheka, akageuka, akakanyaga ngazi ya juu. Mguu ukaenda mbele, mwili ukabaki nyuma. Puu! Akatua chini kabisa, mkono wa kushoto umekunjwa chini yake kama kitu cha mtu mwingine.

Sasa, Ketill ni mtu anayemwomba radhi hata aliyemkanyaga yeye. Amewahi kumwomba radhi kabati. Mdomo wake ulikwisha kufunguka, na neno lilikuwa limefika kwenye meno, Signy alipotoka jikoni mbio, kitabu mkononi, akamkamata mkono wa fulana.

"Babu, usiseme samahani!" alimnong'oneza. "Bima yako ya nyumba imeandikwa kabisa: usikiri kosa. Mtu ameanguka kwenye ngazi zako, dhima ni yako. Ukikiri, kampuni inaweza ikakuruka, na nyumba ikaenda."

Ketill alimtazama. "Hata pole?"

"Hata pole."

Alishuka, akamwinua rafiki yake kimya. Signy akawasha gari, akawapeleka hospitali, na njia nzima babu yake alikaa kiti cha nyuma kama mzigo wa viazi. Orest aligeuka mara mbili kumwangalia. Ketill akaangalia dirishani. Daktari akasema kifundo cha mkono kimevunjika, akafunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Walirudi. Mlangoni kwake Orest akasimama kidogo, kama mtu anayengoja chenji, halafu akaingia ndani.

Na Signy? Signy alikuwa amefurahi, ndiyo. Si kwa sababu mzee wa watu ameumia, hapana, hakuwa na roho hiyo. Lakini miezi yote ile alikuwa anameza maneno yasiyokuwa na pa kutumika, na leo moja limetumika, na nyumba imepona. Jioni alikunywa chai yake kama jaji.

Jumapili, saa tisa alasiri, Ketill alipanga karata mezani. Saa kumi akazikusanya. Jumatatu hivyo hivyo. Jumatano hakuzipanga.

Wiki ya pili theluji ilishuka tena. Ketill aliamka kwanza, akavaa, akachukua beleshi, na Signy akamwahi mlangoni.

"Babu, ondoa ya kwetu tu."

"Ya kwetu tu?"

"Ukienda kumsafishia sasa hivi, baada ya ajali, inaweza ikaonekana kama kukiri kwa vitendo. Sina uhakika. Lakini kwa usalama."

"Kwa usalama," alisema Ketill.

Aliondoa theluji mpaka mpakani, akasimama. Ukingo wa theluji ukabaki umenyooka kama uliokatwa kwa rula. Mtaa mzima uliuona ule ukingo, na kila mtu akaelewa anavyotaka. Baadaye Orest naye akatoka. Alikuwa analisukuma beleshi kwa mkono mmoja na kifua, anakwenda hatua mbili, anapumzika. Ketill alikuwa dirishani. Alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, na alipokitoa ikabaki alama yake, vidole vitano, mpaka ukungu ukaijaza.

Chakula akawa anakula nusu. Redio aliyokuwa akibishana nayo kila asubuhi, akawa anaiacha iseme inavyotaka. Siku moja Signy alimkuta ukumbini, amesimama mbele ya makoti, midomo inacheza.

"Unaongea na nani, Babu?"

"Na koti. Au nalo lina bima?"

Signy alicheka. Babu hakucheka.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa Signy alipoifikia sura ya tisa. Alikuwa mezani, mkate mdomoni, anasoma huku anapiga mistari, akafika kwenye aya fupi, fupi kuliko tangazo la mbuzi aliyepotea. Ilisema hivi: kwa sheria ya mkoa, mtu akiomba radhi, au akisema pole, hajakiri kosa. Maneno yale hayawezi kupelekwa mahakamani kama ushahidi dhidi yake. Na wala hayavunji bima yake.

Akaisoma tena. Akaangalia kama ni mkoa mwingine. Ulikuwa ni wa kwao, na sheria yenyewe ni ya tangu yeye yuko shule ya msingi. Akautoa mkate mdomoni. Watunga sheria wamekaa bungeni na tai zao, wakaona watu wao hawawezi kuishi bila kuombana radhi, wakawaruhusu kwa maandishi. Halafu yeye, kwa kitabu hicho hicho, akamziba mdomo babu yake.

Ketill alikuwa anaosha vyombo.

"Babu." Alimsomea ile aya. "Ungeweza kusema. Siku ile ile. Nimekosea."

Ketill alifunga bomba. Akajifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua sheria?"

"Sheria nitaijulia wapi mimi? Nilijua si sawa. Mtu ameanguka mlangoni kwako, unamwambia pole. Hilo halihitaji sura ya tisa."

"Sasa mbona ulinisikiliza?"

Alikunja kile kitambaa cha vyombo, akakikunjua.

"Uliporudi kutoka Winnipeg, ulikuwa kila kitu unasema 'nadhani'. Nikikuuliza chai ina sukari, nadhani. Nikikuuliza leo ni Jumanne, nadhani. Nikasema, huyu mtoto wamemfanya nini? Asubuhi ile ulinishika mkono ukaniambia 'usiseme', moja kwa moja, macho makavu. Nikaona ni yeye huyo, amerudi. Nikasema basi, acha leo awe sahihi. Nilidhani ni ya leo tu. Nikalala, nikaamka, imekuwa ya jana. Ukishaikosa siku ya kwanza, mlango wa mtu unakuwa mzito."

Signy aliegemea jokofu, kikaratasi cha dhima kikamng'ang'ania kwenye sweta. Alikuwa anataka kusema mambo mengi, na yote yalikuwa na kamasi.

"Basi twende," alisema.

"Vaa kofia."

Walipita juu ya ule ukingo ulionyooka, wakauharibu kwa viatu. Ketill alibisha hodi. Ndani kukasikika miguu ikiburuzwa. Orest alifungua mwenyewe, plasta kifuani, shati limefungwa vifungo vya kupishana, kola moja iko sikioni.

"Samahani, Orest," alisema Ketill, kwa haraka, kabla mtu hajamkamata tena. "Na pole. Zote mbili. Za siku kumi na tisa."

"Ni mimi, mzee Orest," alisema Signy. "Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia akisema tu, nyumba inaondoka. Haikuwa kweli. Nisamehe."

Orest aliwatazama kwa zamu. Kidevu chake kilianza kutikisika, akakikaza.

"Samahani ya nini? Siku ile nani alikuwa wa kwanza?"

"Wewe."

"Nani alizisafisha zile ngazi?"

"Wewe, lakini ngazi ni zangu."

"Sikumwaga mchanga wa kuzuia utelezi!" Orest alipaza sauti. "Nilikuwa nakimbilia kukugongea. Ndoo ya mchanga nimeiona kwa macho yangu, nikaiacha. Mimi! Miaka ishirini na minane mji mzima unapita nilipopita, halafu nakuja kuanguka ngazi nilizozisafisha mwenyewe. Ungeweza kuanguka wewe. Angeweza kuanguka huyu mtoto. Nikakuona kwenye gari umeninunia, nikasema ana haki. Nitavukaje kwenda kukaa kwenye meza ya mtu niliyetaka kumuua?"

"Sikununa. Nilikuwa nimekatazwa."

"Mimi nitajuaje? Katika maisha yako yote hujawahi kunyamaza!"

"Ngazi ni zangu, Orest."

"Mchanga ni wangu. Usininyang'anye kosa langu."

Wakamgeukia Signy wote wawili, kama watoto wanaomgeukia mwalimu. "Haya, wakili. Dhima ya nani?"

Signy alijaribu, maskini. Kuna mkaaji wa nyumba, na wajibu wake kwa anayeingia. Kuna aliyefanya kazi kwa kujitolea, akaifanya nusu. Kuna aliyeumia ambaye ndiye huyo huyo aliyezembea. Alihesabu kwa vidole, vikaisha.

"Hiyo haimo kitabuni," alisema.

"Basi ingieni, baridi inaingia bure," alisema Orest. Halafu akabadili mawazo, akatazama chini. "Au, subirini. Twendeni kwenu, huku kwangu pachafu. Lakini, Ketill..." Alionyesha miguu yake. Alikuwa amevaa mabuti, kamba zinaburuzika pande zote mbili, zimelowa na kukakamaa. "Kwa mkono mmoja siwezi. Tangu siku ile natembea hivi."

Ketill alipiga goti pale kizingitini, goti likalia kama ukuni. Akazichukua kamba, akazipashia joto kwa pumzi mpaka zikalainika, akafunga kiatu cha kulia, fundo mara mbili, halafu cha kushoto. Alikuwa anakaza taratibu, kama anayefunga kifurushi cha mtu anayesafiri mbali.

"Kinabana?"

"Hakibani."

"Useme kama kinabana."

"Nimesema hakibani."

Halafu ikawa hawezi kunyanyuka. Alijaribu kushika mlango, mkono ukateleza. Signy akapiga hatua kumsaidia, na Orest akamzuia kwa ile plasta.

"Tulia wewe. Huyu ni wangu."

Akamnyooshea mkono ule mzima. Ketill akaushika. Mara ya kwanza wakashindwa, wakacheka, wakalaumiana uzito. Mara ya pili Ketill akainuka, akasimama wima, theluji imemjaa magotini. Wakashuka ngazi za Orest moja moja, polepole, wameshikana, hakuna aliyetangulia kuachia mkono.