Mwali Ukutani

Maonyesho yaliitwa "Tulivyokua". Mwalimu Adventina wa kisomo cha jioni alitugawia karatasi za kaki na vipande vya makaa, akasema kila mama achore usichana wake, picha zipelekwe Kibaha. Nilichora chumba nilichowekwa nilipovunja ungo, nikiwa darasa la tano: ukuta wa udongo usio na dirisha, mkeka, na mimi juu yake nikiuangalia mlango. Mwaka mmoja na nusu. Nilipotolewa nikaolewa, shule ikaishia hapo.

Sikumchorea mgeni rasmi, nilimchorea Mama. Mdogo wangu Saburi, wa darasa la saba, alikuwa amevunja ungo wiki ile, na Mama alishapanga kumweka ndani Ijumaa. Mtihani ulibakiza miezi minne. Maneno nilishayamaliza. Nikasema labda akiona kwa macho.

Tulipanda lori la kijiji kutoka Marui, mwanangu mgongoni. Ukumbini Mama akaikuta picha ya Laurensia, mwenzangu wa kisomo, akiwa na gauni lake la komunyo ya kwanza, akacheka. "Huyu wamemvisha chandarua!" Kisha akafika kwangu.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi, Mama."

Akageuka, akawatazama wanaume waliojaa mle ukumbini. Akavua kanga ya begani, akaifunika picha yangu yote, akaibana kwenye misumari.

"Mama! Unafanya nini?"

"Mwali haonwi na wanaume kabla hajachezwa unyago. Hata hilo umesahau? Kisomo gani hicho?"

Mzee Ponsiano, mlinzi wa mlangoni, akauliza kanga ile inauzwaje. Watu wakaangua kicheko. Nikamvuta Mama pembeni, uso unaniwaka.

"Nilikuwa nalia mle ndani, Mama. Kila siku."

"Nilikuwa nasikia." Sauti ikamshuka. "Mimi nilikaa miaka mitatu, Mboni. Wewe nilikutoa kabla siku zako hazijatimia. Shangazi zako wananisema mpaka leo. Ulidhani nani alikutoa?"

Sikuwa najua. Nikabaki namtikisa mtoto mgongoni, na wala hakuwa analia.

"Na Saburi?"

"Miezi sita. Chini ya hapo siwezi, mwanangu, watanitenga."

"Mtihani ni baada ya minne!"

"Basi. Tusiaibishane mbele za watu."

Ijumaa Saburi akaingia. Kazi ya kumpelekea uji nikapewa mimi, dada mtu. Nilificha madaftari yake ndani ya gauni, nikapita na bakuli. Mama alikuwa kizingitini anachambua mchele. Akanitazama tumboni palipotuna, akarudisha macho kwenye mchele wake.

"Uji utapoa huo," akasema.

Saburi aliyapokea madaftari kwa mikono miwili, akafungua moja, akalisogeza karibu na uso.

"Dada, mbona haionekani hata herufi?"

Nikamwambia macho yatazoea. Ndivyo nilivyoambiwa na mimi.